Kwa Mwalimu Verna, Kuhusu Ile Kura Moja

Verna, leo mwaka umetimia tangu alasiri ile ya Februari ulipotuaga, theluji ikiwa imefika usawa wa madirisha ya hospitali, nawe ukiwa umeshatuuliza mara mbili kama ng'ombe wamelishwa. Wamelishwa. Tulitaka ulijue hilo kwanza.

Tunakuandikia katika gazeti hilihili ulilokuwa ukilisoma na penseli nyekundu mkononi, ukisahihisha matangazo ya watu. Anayeandika kwa niaba ya familia ni mimi, Lloyd, mumeo, kwa hiyo makosa ni yangu, watoto wasisingiziwe. Kuna jambo nilikuahidi kando ya kitanda chako kwamba nitalimaliza kabla mwaka haujaisha. Leo ndiyo siku ya mwisho. Unanijua.

Miaka thelathini na minne ulifundisha hesabu katika shule ya Hegland. Uliwafundisha wazazi, kisha ukawafundisha watoto wao, na wote uliwakuta na kosa lilelile la hesabu za sehemu. Mikono ya sweta zako ilikuwa na chaki hata Jumapili kanisani. Mtoto akikuletea jibu sahihi bila kuonyesha alikolitoa, ulimrudishia daftari lake. "Jibu nimeliona," ulikuwa ukisema. "Sasa nionyeshe hatua zote." Nusu ya wilaya hii bado inaisikia sauti hiyo kila inapopima mbolea.

Ulikuwa mkarimu kwa namna yako, bila maneno mengi. Aliyefiwa alipata sufuria ya supu mlangoni, na sufuria haikuwa na jina. Lakini kila mtu aliijua, kwa sababu ilikuwa na mpini uliofungwa waya, na waya niliufunga mimi.

Ulipostaafu, mimi nilikuwa na mipango. Nilinunua nyumba ya magurudumu, ile ya kuvutwa nyuma ya gari, ili kila mwaka baada ya mavuno twende Arizona tukaote jua kama wenzetu. Ulikubali. Hata kofia ya jua ulinunua.

Kisha ukaja ule mkutano wa shule. Duane Kessel, muuza matrekta, ambaye wakati huo alikuwa mwakilishi wetu kule Helena, mji mkuu wa jimbo, alisimama ukumbini akasema kwamba Bunge la jimbo linataka kuzifunga shule zote zenye watoto chini ya sitini. Watoto wetu wasiwe na shaka, alisema, basi litawafikisha shule ya mji wa jirani kwa dakika arobaini. Ukanyoosha mkono.

"Duane, dakika arobaini kwa mwendo gani?"

"Mwendo wa kawaida tu, Mwalimu."

"Maili hamsini na nane, barabara ya changarawe, vituo kumi na tisa. Nionyeshe hatua."

Duane alicheka, akaitazama karatasi yake, akaacha kucheka. Asubuhi iliyofuata ulinikuta nikinywa kahawa, wewe umeshavaa koti.

"Lloyd, naenda kujiandikisha. Nagombea kiti cha Duane."

"Na Arizona je?"

"Arizona haihami."

Ulizunguka wilaya nzima tangu kiangazi hadi theluji ya kwanza, Janelle binti yetu akiendesha, nawe ukiwa na ramani magotini. Matope, mbwa, milango. Ile ya nyumbani kwa Milo Engen ndiyo watu wanayoisimulia hadi leo. Alifungua mlango, akakutazama, akasema, "Wewe! Si wewe ulinifelisha aljebra?"

"Ulijifelisha mwenyewe, Milo, mimi niliandika tu. Lile ghala umelijenga wewe?"

"Kwa mikono yangu hii."

"Pembe zake ziko sawasawa. Kumbe ulielewa baadaye. Basi nipigie kura."

Akakupigia. Aliwaambia na ndugu zake wote.

Jumanne ya uchaguzi tulipigia kura kwenye ukumbi wa Antelope, kituo chetu kidogo chenye watu ishirini na watatu. Jumatano asubuhi karatasi ya matokeo ilibandikwa kwenye mlango wa ofisi ya wilaya. Kessel alikuwa na kura 1,904. Wewe 1,903. Wakahesabu upya, ikatoka vilevile. Chini yake waliorodhesha kituo kwa kituo, na kwenye mstari wa Antelope paliandikwa jina letu na lake: Brekke 22, Kessel 1.

Watu hawakuhangaika na wale wengine wote waliomchagua Duane. Walitaka kumjua huyo mmoja wa Antelope, jirani aliyekula mezani kwako akaenda kukunyima kura. Wala hawakutafuta mbali. Orval Sunde ni mseja, shamba lake linapakana na letu, na mwaka ule tulikuwa tumegombana naye kwa sababu ya fahali aliyevunja uzio. Tena wiki moja kabla ya uchaguzi alikuwa amesema mgahawani, "Mwalimu akienda Helena, nani atatusahihishia menyu?" Siku aliyoyasema, kila mtu alicheka. Baada ya karatasi ile kubandikwa, hakuna aliyekumbuka kwamba alicheka.

"Haya, Kura Moja, kakae kule," Milo alimwambia Orval alipoingia mgahawani Alhamisi.

"Mimi nilimpigia Mwalimu."

"Na mimi ni mfalme wa Norwei."

Meza nzima ikaangua kicheko. Nami nilikuwepo, Verna. Nilikuwa nakoroga kahawa isiyo na sukari.

Jina likamganda. Kura Moja dukani, Kura Moja kwenye mnada wa ng'ombe. Ilipofika karamu ya samaki ya kanisa, Orval alikaa peke yake na sahani yake kwenye meza ya watu wanane, na mwaka uliofuata hakuja kabisa.

Basi naandika hapa, wilaya nzima isome. Haikuwa kura ya Orval Sunde. Ilikuwa yangu.

Niliingia kwenye kile kibanda cha mbao, nikashika penseli, nikaliona jina lako. Nilijivunia, haki ya Mungu nilijivunia. Kisha nikaiwaza ile nyumba ya magurudumu uani na magurudumu yake yaliyoanza kuota nyasi. Nikawaza kwamba miaka thelathini na minne ulikuwa wa watoto wa watu, na sasa zamu yangu imefika, nao wanakuchukua tena. Nikajiambia utashinda tu, kwa mamia, na mimi nitakuwa nimenung'unika mara moja pasipo mtu kusikia. Nikapaka penseli duara lililo mbele ya jina la Kessel. Kura yangu ingekwenda kwako, Verna, ungeshinda kwa moja.

Ulilia siku moja tu, kule zizini, ukidhani sikuoni. Nilikuona. Sikusema. Nilikuwa mwoga wakati ule, na kila mwezi uliopita ulifanya maneno yale kuwa mazito zaidi.

Ndipo ukaanza zile pai. Kila Ijumaa ulipika pai mbili za tufaha, moja yetu, moja ukaipeleka kwa Orval, theluji iwe kiunoni au isiwe. Nikakuuliza siku moja, "Unampelekea pai mtu aliyekukosesha kiti?"

Ulinitazama juu ya miwani, vile ulivyomtazama mtoto aliyeficha kitu chini ya dawati.

"Orval hajanikosesha kitu," ukasema, ukachukua funguo za gari.

Ijumaa ile pai yetu sikuigusa.

Baada ya miaka miwili uligombea tena. Asubuhi ya uchaguzi ulinifungia kifungo cha juu cha shati mlangoni pa ukumbi wa Antelope, ukaniambia kwa upole kabisa, "Paka vizuri, Lloyd, usitoke nje ya duara." Nilikwenda kibandani bila kugeuka nyuma. Ulishinda kwa tofauti ya kura mia nne na kumi na mbili, na Antelope ikatoka ishirini na tatu kwa sifuri. Ungedhani Orval atasafishika kwa hilo. Wapi! Watu walisema Kura Moja ametubu.

Januari niliifunga ile nyumba ya magurudumu nyuma ya gari, tukaivuta. Badala ya kushuka kusini kwenye jua, tukaenda Helena kwenye theluji. Siku tisini za kikao tuliishi humo, kati ya magari mengine ya namna hiyo, na wiki ya kwanza mabomba yote yaliganda. Nilijifunza kupika supu. Nilijifunza kupiga pasi sketi. Asubuhi nilikusindikiza hadi ngazi za Bunge, kisha nikapanda kukaa kwenye roshani ya wageni na kofia yangu magotini, na mchana tulikula mkate na soseji kwenye benchi la korido, wewe ukinisimulia nani kasema upuuzi gani. Nilikuwa na furaha, Verna. Ile furaha niliyotaka kuikataa kwa penseli ilikuwa kubwa kuliko Arizona yoyote.

Siku ya mswada wako wa kuzilinda shule ndogo nilikuwepo. Mwezi ule ulikuwa umeipita njia ya lile basi mwenyewe kwa basi la kukodi, kituo cha kwanza hadi cha mwisho, na saa mkononi. Ulisimama na daftari ukawasomea kituo baada ya kituo, dakika baada ya dakika, mpaka ukafika kwenye jumla: dakika themanini na sita, kwenda tu. Mbunge mmoja akauliza kama una hakika na hesabu hiyo. Ukamwambia, "Hatua zote zipo mbele yako, mheshimiwa. Nionyeshe nilipokosea." Mswada ukapita kwa tofauti ya kura kumi na moja. Mwaka huu shule ya Hegland ina watoto arobaini na wanane, na asubuhi tukipita tunawasikia wakipiga kelele kwenye theluji.

Vipindi vitatu ulitutumikia. Wote wanayajua hayo. Wasiyoyajua ni uliyoniambia hospitalini, wiki yako ya mwisho, watoto wakiwa wameshuka kunywa chai.

"Lloyd, ile kura ya kwanza. Nimejua tangu Jumatano ile."

"Ulijuaje?"

"Jumanne jioni uliosha vyombo. Miaka thelathini na minane ya ndoa hukuwahi kuosha vyombo bila kuambiwa. Asubuhi yake niliiona karatasi, nikajumlisha."

"Na hukusema kitu!"

"Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nangoja hatua zako."

Nikakuomba msamaha, nikilia vibaya. Ukanipiga kofi dogo mkononi. "Mimi nilikusamehe kabla vyombo havijakauka. Si mimi wa kuombwa. Mwambie Orval. Mwaka usiishe."

Niliahidi. Mara tatu mwaka huu niliendesha hadi lango la Orval, na mara tatu nikageuza gari. Wiki iliyopita ndipo nilipowaambia watoto kwanza. Mwanetu Kent alisema atanipigia baadaye, akakata simu. Janelle hakukata. "Baba! Nilipasua matairi manne kuzitafuta kura zile, na wewe ulikuwa nyumbani ukiipoteza moja?" Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu alinipigia kunipa vipimo vya pai yako.

Ijumaa niliipika mwenyewe, nikaipeleka. Orval alitoka na buti zisizofungwa. Nikamwambia pale pale mlangoni, kabla hajanikaribisha, maana ningekaribishwa nisingesema.

Aliinama akafunga buti, moja, kisha ya pili. Nilikonda kwa kumngoja.

"Miaka tisa, Lloyd," akasema.

"Miaka tisa."

"Yeye alijua si mimi?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akaitazama pai. "Nilidhani ananihurumia. Nilidhani anapeleka pai kwa mwenye dhambi." Akafuta macho kwa mkono wa shati bila kuona haya. "Basi uandike gazetini. Walinisema mbele za watu, na wewe unisafishe mbele za watu. Kwenye kumbukumbu yake, ambayo kila mtu ataisoma."

"Nitaandika."

"Na hii ameipika nani?"

"Mimi."

Akaonja kwa kidole, akakunja uso. "Kumbe hujaacha kunionea." Lakini hakuirudisha, na mlango hakuufunga.

Hizo ndizo hatua zangu, Verna. Nimechelewa kuzionyesha. Sahihisha kama kuna kosa, mimi naamini mara hii zimetimia.

Tumekuwekea maua ya karatasi, kwa sababu ya baridi ya Februari, na kipande cha chaki. Sufuria yenye mpini wa waya bado inatembea milango ya watu, Janelle ndiye anayeitembeza. Tunaendelea vizuri, kuliko tulivyotegemea. Nyumba haijapoa.

Hutoki mioyoni mwetu kamwe. Wanaokukumbuka ni binti yako Janelle. Mwanao Kent na mkewe Darla. Mjukuu wako Britta, anayeonyesha hatua zote hata asipoambiwa. Waumini wenzako na wanafunzi wako wote wa Hegland. Na jirani yako Orval Sunde, aliyekupigia kura mara zote nne.

Na mimi mumeo, Lloyd, mara tatu.