Mbili Tano Tano

Jumatatu, 3 Juni

Bosi ameondoka leo. Wiki nzima! Amekwenda kutibiwa mgongo. Ameniachia funguo za karakana, kompresa, mashine ya kubalansi na agizo moja: usiniharibie jina. Miaka sita nafungua na kufunga matairi ya watu hapa, na leo ndiyo mara ya kwanza neno la mwisho ni langu. Nimejisikia mrefu.

Na nani kaja wa kwanza? Mdogo wangu wa kiume. Gari lake dogo jeusi, na kwenye kiti cha nyuma rimu nne za spoti zimefungwa mablanketi kama watoto wachanga. Hazikutoka na gari, kazinunua kwa mtu. Rimu zake za kiwandani zilikuwa na upana wa inchi sita na nusu. Hizi ni tisa! Za zamani keshampa rafiki yake, hata hakuniuliza.

Anataka tairi pana kuliko zote zinazoweza kuingia. Si pana tu — pana kuliko zote. Kalisema hilo mara tatu. Nikamwambia 235, yaani milimita za upana, inamtosha, inakaa vizuri, haina makuu. Akanitazama kana kwamba nimemtukania watoto. Akasema dada, kuna jamaa mtaani ana 245.

Basi, kumbe shida yote ndiyo hiyo. Kuna jamaa ana 245.

Jumanne, 4 Juni

Nimempa 255. Mbili tano tano! Naandika hapa kwa sababu najivunia, na nyumbani hakuna wa kumringia isipokuwa mtoto.

Sikubahatisha. Ukipanua tairi lazima ufupishe ukuta wake, ule ubavu wa mpira, la sivyo kimo cha gurudumu kinabadilika na mshale wa spidi unadanganya. Nilipiga hesabu zote ukutani kwa chaki. 235: nafasi tele. 245: nafasi ipo. 255: imekaa kama mguu kwenye soksi. 265 ingegusa, hilo hata kipofu angeliona.

Kisha kidole. Hapa kwetu hatuna kifaa cha kupima nafasi ya upande wa ndani. Tuna kidole. Kanuni ya Bosi ni hii: kidole cha shahada kipite kati ya tairi na shokapu, juu mpaka chini, bila kubanwa. Kikipita, gari linatoka. Kikikwama, shusha saizi. Na siku zote kidole hutia yeye mwenyewe, sisi wengine tunamshikia taa.

Leo nimetia changu. Gurudumu la nyuma kulia ndilo lenye nafasi finyu kuliko yote. Kimepita! Juu mpaka chini, bila shida.

Mdogo wangu kalizunguka gari weee, mpaka nikamwambia aende zake nina kazi. Kanikumbatia na grisi zangu zote. Eti mimi ndiye fundi, wengine wanacheza.

Alhamisi, 6 Juni

Sifa tupu. Kila anayeliona lile gari anageuza shingo. Mwenye duka la jirani katoka nje kuuliza nani kalivalisha. Leo tu wamekuja wateja watatu, wametumwa na mdogo wangu, wote wanataka pana. Nimeanza kutembea na mikono nyuma kama Bosi. Nimejikuta hivyo, nikacheka peke yangu.

Jioni mdogo wangu kaniletea binti yangu kutoka shule. Ana miaka tisa, na siku hizi hataki kupanda kitu kingine ila gari la mjomba. Nikamuuliza likoje. Akasema zuri sana, ila linanuka. Linanuka nini? Kama kifutio ukikisugua kwa nguvu, alisema. Mjomba amemwambia tairi mpya ndivyo zilivyo.

Kweli tairi mpya zinanuka. Nami nikamwambia hivyohivyo.

Ijumaa, 7 Juni

Mama kapiga simu nikiwa chini ya lori. Jana mdogo wangu aliwapeleka sokoni, yeye na wenzake watatu na vikapu vyao. Anasema gari likipita kwenye tuta linaguna. Upande wa nyuma. Nikamjibu labda anayeguna ni mwanao, umemjazia vikapu. Hakucheka. Kaniuliza kama nimesikia alichosema. Nikamwambia nimesikia, Mama, nina kazi.

Jumamosi, 8 Juni

Bosi amerudi! Siku mbili kabla. Anatembea kama amebeba ndoo kichwani, lakini karakana haikai bila yeye, ndivyo anavyoamini. Kanisalimia, kakagua mashine, kaona zote nzima. Nikapumua.

Kulikuwa na gari la mteja juu ya jeki, tairi pana, mmoja wa wale watatu. Nilikuwa nimeshalipima, kidole kilipita, nasubiri tu kulishusha. Bosi kainama taratibu, akatia chake. Kikaishia kwenye fundo la kwanza. Kimekwama! Akasema shusha saizi, akaenda zake kunywa chai. Hakugeuka hata kunitazama.

Nimebaki nimesimama pale na taa mkononi. Nikatazama kidole changu. Nikamfuata kwenye chai, nikamwambia kwa mzaha atie kidole kwenye spana ya pete namba ishirini na mbili. Kakitia akicheka. Kimejaa pomoni, kukitoa ilibidi avute. Nilipokwenda nyuma ya kompresa nikatia changu kwenye ya kumi na saba. Kimeingia, na kilikuwa kinacheza.

Miaka yote hii nilidhani kanuni ni kidole. Kanuni ni kidole CHAKE. Kile kinene kilichopondwapondwa na nyundo miaka arobaini. Nafasi niliyomwachia mdogo wangu ni ndogo kuliko ambayo Bosi angeikubali kwa gari lolote. Na mimi nilipima gari likiwa tupu! Hakuna mtu ndani, hakuna hata kikapu. Uzito ukikaa nyuma lile gurudumu linalalia ndani. Nalijua hilo. Nawafundisha wenzangu hilo.

Bosi kaniuliza wiki ilikwendaje. Nikasema salama. Salama!

Jumapili, 9 Juni

Nimekwenda kwa mdogo wangu. Wifi kanikaribisha, kaniandalia chai, nikamwambia inywe mwenyewe kwanza nilione gari. Kadhani natania.

Nimelala chini ya gari, kanga ya wifi nimeitandika juu ya vumbi. Ukitazama kwa nje, gurudumu ni zuri mno. Linang'aa, herufi zote zinasomeka. Kwa ndani, nyuma kulia, tairi lina mstari ulioliwa kulizunguka lote. Laini, unateleza ukiugusa. Shokapu limekwanguliwa rangi, chuma kinametameta. Na unga mweusi umejaa juu ya kila kitu pale, kama majani ya chai yaliyosagwa. Nyuzi za ndani hazijaonekana bado. Bado.

Nimetoka chini. Mdogo wangu kasimama pale na kitambaa cha kufutia rimu, ananitazama kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Maneno mawili tu. Nilikosea kupima.

Nikasema tairi hizi zimekuja na kasoro kidogo. Kutoka huko zilikotengenezwa. Nitakubadilishia. Kwa sasa usijaze watu nyuma, basi.

Akauliza ni hatari? Nikasema si hatari, ni kasoro tu.

Kwa nini nimesema hivyo? Najua kwa nini. Kwa sababu Jumanne alinikumbatia. Kwa sababu wifi alikuwa mlangoni anasikiliza. Najichukia kwa hili na bado sikurudi ndani kulirekebisha. Nilikunywa ile chai, nikaaga.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeagiza 235 nne. Zinafika kesho. Mdogo wangu kakubali kuzifunga Jumatano asubuhi, kwa shingo upande. Kanuna! Eti atawaambia nini watu.

Bosi kaniuliza 235 za nani. Nikasema za mteja.

Jumanne, 11 Juni

Zimefika. Nimezipanga karibu na mlango.

Saa kumi mdogo wangu kaniandikia. Kesho hawezi. Daktari wa macho wa Mama, yule wa mji wa kule chini, amesogeza miadi kutoka wiki ijayo hadi kesho. Atampeleka Mama, kisha Alhamisi atakuja kufunga hizo tairi zangu nyembamba. Nikamjibu usijaze watu. Akanitumia kile kikatuni kinachocheka mpaka kinatoa machozi.

Nimeandika: usiende na gari hilo, nilikosea kupima. Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Mara ya tatu nimeandika: mwendo wa polepole. Hiyo ndiyo niliyoituma. Watakuwa wawili tu, yeye na Mama mbele. Wawili si uzito. Watakwenda na kurudi.

Jumatano, 12 Juni

Saa mbili asubuhi. Nimepita kwa Mama kumchukua binti yangu. Shule zimefungwa tangu jana, alilala kwa bibi yake. Mlango umefungwa kwa kufuli. Jirani anasema wametoka muda si mrefu, gari zima! Mdogo wangu, Mama, wifi, mama mdogo naye kaona apate lifti akanunue vitambaa. Na mwanangu nyuma katikati. Na buti limefungwa kwa kamba kwa ajili ya mizigo.

Ile barabara inateremka mlima kilomita ishirini. Kona juu ya kona. Kila ukikata kushoto, uzito wote unaangukia nyuma kulia.

Saa mbili na nusu. Karakana. Simu ya mdogo wangu inaita mpaka inakata. Ya wifi imepokelewa. Muziki! Nikamwambia punguzeni muziki. Wakapunguza. Nikausikia kupitia simu. Krrr. Kimya. Krrr. Wifi akasema ni barabara tu, wifi, imechimbika, usijitie presha. Watasimama kwenye kituo cha mafuta mteremko ukiisha.

Nikamwambia aweke spika. Nikasema nilikosea mimi. Nilipima vibaya. Tairi ni pana mno kwa gari hilo, na nimelijua tangu Jumamosi nikawaficha. Simama hapo ulipo, washushe wote.

Mdogo wangu kacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua aweke wapi uso. Akasema dada, hapa pa kusimama hakuna, kulia korongo, kushoto ukuta. Mbele kidogo.

Nikamsikia Mama. Hakupandisha sauti kabisa. "Huyu tangu nimzae hajawahi kusema amekosea. Simamisha gari."

Simu ikakatika.

Saa tatu kasoro robo. Ya wifi haipatikani. Ya mdogo wangu haipatikani. Kule mlimani mtandao hukatika, kila mtu anajua. Kila mtu anajua.

Nimemwambia Bosi yote kwa pumzi moja. Nilingoja anigombeze, nilitaka anigombeze. Amechukua funguo za pikapu. Amenyanyua zile 235 nne mwenyewe kuzitia nyuma, na mgongo wake ule, nami nikamwacha.

Saa tatu na nusu. Ndani ya pikapu. Naandika ili mikono ishike kitu. Herufi zinaruka.

Bosi anaendesha, anatazama lami, si mandhari. Kona ya tatu kuna alama nyeusi ya tairi barabarani. Mstari mmoja, upande wa kulia. Unaweza kuwa wa yeyote. Kona ya tano kuna kipande cha mpira kirefu, nyaya zimechomoza. Bosi hakupunguza mwendo. Sikumuuliza kama amekiona.

Mama alisema simamisha. Mdogo wangu humsikiliza Mama. Mimi hanisikilizi, lakini Mama humsikiliza, hata akiwa amenuna. Alisimama. Alipata mahali akasimama.

Magari yamesimama mbele yetu. Mengi. Madereva wameshuka, wanatembea kwenda mbele. Hakuna anayekimbia. Sijui kutokimbia kwao ni heri au ni shari.

Bosi amezima injini. Dereva wa lori anarudi kutoka mbele, kofia mkononi. Bosi ameshusha kioo, amemuuliza ni gari gani. Anasema dogo, jeusi, lina mitairi mipana ambayo hajapata kuiona.

Bosi anamuuliza kuhusu watu waliokuwemo. Dereva ananitazama mimi kwanza. Naacha kuandika, nashuka.