Nta ya Kinampanda Imerudishwa

Alhamisi. Upepo tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka kwenye chai.

Leo situlii. Naketi, nasimama, natoka nje, narudi ndani, na kila ninachokishika nakiacha njiani.

Shehena yetu ya nta imerudi kutoka bandarini. Wameikata wakakuta shahamu ya ng'ombe ndani. Kuna mtu kachanganya ili uzito uongezeke. Kesho mkaguzi anakuja Kinampanda, naye anataka jina la mtu mmoja. Asipolipata, kijiji kizima kinafutwa kwenye orodha ya wauzaji, na tutabaki kuwauzia wachuuzi kwa bei watakayo wao. Hapa kodi ya kichwa hutoka kwenye nta, kwa hiyo hakuna nyumba isiyoguswa.

Karani wa ghala ni mimi, na jina sina.

Zamani ningelijua. Kila nyumba iliyeyusha nta yake na kuigandisha kwenye kibuyu chake, na vibuyu havifanani. Tonge la Mzee Mpinga lilikuwa na kitako kilichopinda, ningelitambua hata gizani. Kisha serikali ikaleta utaratibu mpya. Forodha za Tanganyika, Kenya na Uganda ziandike bidhaa kwa majina mamoja na vipimo vimoja, ili mzigo ukifika bandarini watu wasianze upya kubishana ni kitu gani. Ndipo tukaagizwa kuyeyusha nta zote pamoja ghalani, kuzichuja, na kuzigandisha kwenye kalibu za bati zilizo sawa.

Niliupenda utaratibu huo, na bado naupenda. Ilikuwa raha kuandika "nta safi, daraja la kwanza" nikijua karani mwenzangu wa Mombasa anaelewa kama ninavyoelewa mimi. Wazee waliponung'unika niliwacheka. Niliwaambia nta ni nta.

Jana kwenye kikao cha kijiji Mzee Mpinga alinirudishia maneno yangu. "Karani, si ulisema nta ni nta? Haya, tuonyeshe sasa ipi ni ya nani."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kumtazama mama mkwe wangu. Ni mjane, alirithi mizinga ya nyuki ya marehemu mumewe, na wapo ambao hilo halijawahi kuwapendeza. Walimtazama tu mpaka akainuka akaenda zake.

Mchana huu mke wangu, Naomi, karudi kutoka kwa mama yake na ujumbe. Mimi na mama mkwe hatusemezani. Ndiyo heshima ya ukwe huku kwetu. Tukikutana njiani mmoja wetu huchepuka, na neno lolote hupitia kwa Naomi.

"Baba Eliya, mama anasema uandike jina lake. Anasema watoto wake wameshakua, yeye atauza kwa wachuuzi. Wengine wasiponzwe."

"Kwani ndiye aliyechanganya?"

"Hakusema. Nami nitamwulizaje mama yangu swali kama hilo?"

Nami siwezi kumwuliza. Nitamtuma nani? Hata nikituma mtu, jibu nitalipokea kwa uso gani? Miaka yote nimemwita mama bila kumtazama usoni, na leo nataka kujua kama ni mwizi.

Ila si hilo linalonisumbua zaidi. Niliposikia ujumbe ule, kitu cha kwanza kilichonijia moyoni kilikuwa nafuu. Jina limepatikana, kijiji kimepona, na kazi yangu imepona. Nilishaichukua kalamu. Naomi alikuwa amesimama mlangoni ananitazama, na nadhani aliiona nafuu hiyo usoni mwangu.

Naona aibu kuandika hivi.

Nimemwambia arudi kwa mama yake sasa hivi, jua likiwa bado juu, amwambie hapana. Kabla hajatoka kaniuliza, "Basi utaandika la nani?"

Nta ile iliingia ghalani ikiwa na wenyewe. Aliyeitia kwenye sufuria moja ni mimi, na jina litakaloandikwa kesho ni langu. Mkaguzi huenda akanifukuza papo hapo, na sijui Eliya atasomeshwa na nini. Naogopa, tena sana. Nimeliandika hapa kwa wino ili kukicha nisijidai kwamba sikuwahi kuamua.