Mirija Sita Juu ya Ngomo

Nyamianda, siku ya posho, mwezi wa kumi na moja, 1956.

Leo mvua ilinyesha asubuhi tu, kisha jua. Ziwa limetulia kama supu iliyopoa. Na minye nimeshinda.

Naandika tena kwa herufi kubwa: NIMESHINDA.

Vidole viwili vimeungua, penseli naishika kama nyundo. Padri alinifundisha kusoma katekismu, kuandika nilijifundisha mwenyewe. Mwenye kucheka herufi zangu aje kwanza afungue moteri ya gari ya silendre sita huku amefungwa kitambaa machoni. Minye nilikwisha kufanya, watu wakiona.

Haya, nianze kule ilikoanzia.

Gari ya patron, tajiri wangu, ni ya kabla ya vita. Moteri ndefu, silendre sita mustari mumoja kama watoto wa shule. Kolekteri yake, kile chuma kizito chenye kukusanya moshi wa silendre zote na kuupeleka nyuma, kilipasuka katikati. Mara mbili gari ilikufa kwenye mlima wa Ngomo, njia ya Bukavu. Mara ya pili patron alishuka na suti yake nyeupe, akasukuma pamoja na wamama wa soko. Alirudi na hasira, akasema mbele ya watu wote wa atelie, karakana yake ya magari: "Muzee, ikisukumwa tena Ngomo, hata mara moja, Deo anachukua atelie. Weye unakwenda Luvungi kulima mihogo."

Miaka ishirini na mbili niko mu atelie ile. Mihogo!

Deo ni fundi mwenye diploma. Kalamu iko mufukoni, hata akilala chini ya gari. Yeye alitaka tuandike barua Ubelgiji, tuagize kolekteri mpya, tungoje. Nikasema sitangoja. Nitatengeneza yangu, na itapita ile.

Maana mwaka jana, kule Usumbura, niliona gari ya mashindano ya mzungu mumoja. Kila silendre ilikuwa na mrija wake, umekunjwa vizuri kama vidole vya mutu anayesuka kikapu. Ilipopita, meno yangu yalitetemeka. Wengine walitazama mzungu. Minye nilitazama mirija.

Deo akaniambia, "Muzee, ile ni hesabu ya injinia."

"Hesabu gani? Weye hujapiga kasia?"

Sisi Bavira, watu wa ziwa, tunajua. Mtumbwi wa watu sita, mumoja akipiga kasia kwenye maji ambayo mwenzake ameyavuruga sasa hivi, mtumbwi unakataa kwenda. Moshi ni vile vile. Nilizungusha moteri kwa mukono, pole pole, nikaangalia buji gani, ile plagi ya cheche, inawaka nyuma ya gani. Moja, tano, tatu, sita, mbili, ine. Mara mbele, mara nyuma, mara mbele, mara nyuma. Basi! Tatu za mbele ziingie bomba moja, tatu za nyuma bomba ingine. Moshi haumukanyagi mwenzake.

Deo alichukua karatasi, akaandika, akafuta. Kisha akarudisha kalamu mufukoni.

Mirija niliitoa Kalundu, kwenye boileri ya meli iliyokufa. Kuikunja njo ilikuwa vita. Mrija mutupu ukiukunja unabonyea kama bua la papai. Unaujaza mchanga, unaziba pande zote mbili kwa mti, unautia kwenye makaa mpaka uwe mwekundu, kisha unakunja bila haraka.

Hapa nakiri. Mchanga niliuchota ziwani, minye niliyezaliwa pale pale ufukweni. Juu ulikuwa mukavu, chini uko na maji. Mrija wa kwanza ulipopata moto, kizibo kiliruka kama risasi, kikapita juu ya kofia ya Deo, kikatoboa bati la choo. Mpishi wa patron alikuwa ndani. Alitoka bila kumaliza.

Nikarudi nyumbani, nikachukua kikaango cha muke wangu, kile cha karanga, nikakaanga mchanga. Mama Feza alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Feza, leo tunakula mchanga? Nikupikie na majani ya sombe pembeni?"

Nilimwambia anyamaze. Hakunyamaza. Alininyang'anya mwiko, eti naunguza. Mchanga wa mirija yote sita alikaanga yeye, na haukubaki hata na tone la maji. Hii siambii watu.

Vile vibati vya kushikia mirija kwenye moteri nilivisugua juu ya jiwe lililopakwa masizi. Pakiwa peusi ni pameinuka, nakwaruza na tupa, nasugua tena, mpaka weusi unaenea kote sawasawa. Siku mbili. Deo alisema nitie amianti nyingi, zile nyuzi zisizoungua moto, itaziba tu. Nikakataa. Amianti si matope ya kuziba ukuta.

Jana tuliwasha.

Yesu na Maria! Kiboko wa Ruzizi akicheka, akiwa ameshiba, njo sauti ile. Wamama walitoka majumbani na vijiko mukononi. Nilipitisha mukono kila mahali mirija inaposhikana na moteri: hakuna hata pumzi iliyotoroka.

Leo tukapanda. Patron kwa usukani, minye pembeni, Deo nyuma na magunia ya samaki wakavu, ndagala. Toka Luvungi gari ilikuwa inakimbia hata patron akaanza kuimba. Ngomo tuliingia bila kupunguza. Kona ya kwanza, ya pili, ya tatu. Pale tulipokuwa tunakufa siku zote tulipita kama mutu anayepita kwa jirani mubaya, bila kusalimu.

Kisha ukungu. Baridi. Moteri ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Nikaona mihogo ya Luvungi mbele yangu.

Deo alishuka haraka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nikamuona amesimama nyuma ya gari, mikono iko tayari. Nikapiga kelele: "Usiguse! Ukisukuma nimekwisha!" Na yeye alijua. Kidole kimoja tu kingetosha, na atelie ni yake.

Akaondoa mikono. Akaja mbele, akafungua boneti, akainama. "Muzee, tazama karburateri. Inatoka jasho."

Kweli, kile kikombe cha kuchanganya petroli na hewa kilikuwa kinatiririka kama chupa ya bia iliyotoka kwenye barafu. Hapo nikaelewa kosa langu. Kolekteri ya zamani ilikuwa inapasha moto karburateri toka chini. Minye niliitoa, nikaacha karburateri kwa baridi kama mutu asiye na blanketi, ukungu ukaganda ndani, moteri ikakosa pumzi.

Dawa ni yangu, hiyo hakuna wa kuninyang'anya. Nilikata kopo la mafuta, nikalikunja, nikalifunga na waya juu ya mirija ili hewa ya moto iingie kwenye kinywa cha karburateri. Patron akawasha. Mara ya kwanza haikutaka. Ya pili, kiboko akacheka.

Tulifika juu. Hakuna aliyesukuma. Patron alinishika mukono, na masizi yote, akasema, "Muzee, atelie ni yako mpaka uchoke mwenyewe."

Sitachoka.

Tuliporudi watu walijaa nyumbani. Kasiksi, pombe ya ndizi, ilitoka, nikahadithia. Nilihadithia vizuri! Mirija, Ngomo, ukungu. Nikasema, "Nikatazama, nikaona mwenyewe: karburateri inatoka jasho."

Deo alikuwa amekaa pale. Alinitazama kidogo, akanywa kasiksi yake.

Sasa wamekwenda wote, na jambo hilo haliendi. Najiuliza: ingekuwa minye nimesimama nyuma ya gari ya Deo, na atelie iko mbele yangu, ningeondoa mikono? Ningesukuma. Kaye, daftari yangu, weye pekee njo unajua. Ningesukuma.

Basi kesho watu wakitoka misa, nitawaita hapa hapa nyumbani, nisimame mbele ya wale wale, na sauti ile ile kubwa niliyojisifia nayo, niseme: Mirija ni yangu. Jasho aliliona Deo.

Na bado nimeshinda.