Ishirini na Saba, Mlango wa Tatu

Mjukuu wangu Akinyi,

Nakusalimu kutoka hapa mtaani Fedha. Shangazi yako amepona mguu, na mimi ni mzima, ila barua yako imenikasirisha, wala si kwa kosa lako.

Unasema programu yako ya kompyuta hupokea anwani ya mashine nyingine kwa tarakimu, na namba ya mlango ambao huduma yake hupitia, nawe unataka igeuze tarakimu hizo ziwe jina la mashine na jina la huduma. Meneja wako anasema unapoteza muda. Unaniuliza kama umekuwa mkaidi.

Kule Makongeni nilikokulia, nyumba yetu ilikuwa ya mwajiri wa baba. Baba alipofariki, karani wa mwajiri alikuja kututoa. Alisimama uani akapaza sauti: "Ishirini na saba, mlango wa tatu! Tokeni!"

Mama akatoka, mikono imejaa unga. "Unamwita nani?"

"Wewe. Ishirini na saba."

"Ishirini na saba ni ukuta, baba. Hapa ni kwa Mama Odhiambo, muuza mandazi. Uliza yeyote."

"Jana si ulikula mawili hapo?" jirani akadakia, na ua mzima ukaangua kicheko.

Tulihama hata hivyo. Lakini ilimbidi karani aseme, "Mama Odhiambo, naomba mhame," na hakuweza kumtazama usoni.

Kwa hiyo programu yako iulize jina kwanza. Lisipopatikana, hapo ndipo iandike namba. Mwambie meneja hivyo.

Hapa Fedha bawabu huniita B Saba, namba ya mlango wangu. Kila asubuhi namjibu kwa jina langu, hili hapa chini.

Babu yako,
Odhiambo