Jina la Mkwe

Jumanne, 29 Novemba 1977

Mtihani wa Jiografia umekwisha. Mito ya Afrika — niliandika Ruvuma kwanza, kabla ya Naili! Maana ng'ambo ya Ruvuma ndiko aliko dada Tusekile, nesi wa kujitolea Msumbiji, mwaka wa pili huu. Iringa baridi. Wenzangu bwenini wanangoja kufunga shule, mimi namngoja dada. Ijumaa atapita na basi kutoka Dar, anichukue twende wote nyumbani Mbeya. Naogopa kidogo. Nitamjua?

Jumamosi, 3 Desemba

Nyumbani!

Nilimjua, ila si mara moja. Amekonda. Anatembea kama mtu anayeitwa. Alinikumbatia mpaka sweta likanipanda shingoni, halafu akanivuta kope ya chini kutazama damu. Akasema, Atu, huli mboga wewe! Nilitaka kulia, nikacheka.

Njiani aliongea sana. Hospitali yake ni ndogo, daktari alipita mara chache. Mwanzoni alikuwa akijificha stoo analia. "Halafu siku moja nikaona kila mtu ananitazama mimi. Hapakuwa na mwingine wa kutazamwa." Kondakta alipomrudishia chenji, dada akamshukuru kwa Kireno — basi zima likageuka!

Tulipopita Igawa akasema, huku anatazama nje, kwamba wamemwomba arudi miaka miwili mingine. Ajibu kabla ya Mwaka Mpya. Na Philbert je? nikauliza. Akaninunulia karanga.

Philbert ni mchumba wake, mwalimu. Ng'ombe wa mahari walikwisha pokelewa kabla dada hajaondoka. Amengoja bila kunung'unika. Arusi ni Januari, na Baba amesema baada ya arusi hakuna tena Msumbiji. Mimi nataka arusi. Nataka nikifunga shule nimkute pale Mwanjelwa, nyumbani kwake, ananisonya kwa kuchelewa.

Jumatano, 7 Desemba

Mvua. Dada hawezi kukaa. Amepanga upya vyombo vyote vya Mama. Mama kasema pole pole mwanangu, hii si wodi. Jioni alisimama uani kwenye manyunyu. Unakumbuka nini, dada? "Watoto wa vitanda vya dirishani."

Nina wivu na watoto nisiowajua.

Jumamosi, 10 Desemba

Leo sijui nianzie wapi. Niandike hivyo hivyo.

Tulikuwa tunatoka sokoni, njia inayopita kwa Mzee Jailos, baba yake Philbert. Sisi Wanyakyusa, ng'ombe wakishapokelewa, mwanamke hamtazami tena baba mkwe. Wakikutana njiani anachepuka na kujifunika. Na jina lake halitaji kamwe. Mama mpaka leo hajawahi kutamka jina la Babu, na Babu alikwisha fariki!

Tukasikia kelele. Mzee Jailos alikuwa akipasua kuni, shoka limeteleza, limemkata chini ya goti. Damu! Wanawake wanalia, mmoja ameshika majivu ayatie kwenye jeraha. Dada alikuwa amekwisha chepuka, kanga kichwani, kama inavyotakiwa. Nikaona miguu yake imesimama. Halafu akarudi. Aliivua kanga ile ile, akaichana kwa meno, akamfunga paja, akauinua mguu akauegemeza begani mwake. Mzee anafumba macho. Dada akapaza sauti:

"Mzee Jailos! Nitazame! Mzee Jailos, usilale!"

Wanawake walinyamaza wote kwa pamoja.

Akafumbua macho. Wakatazamana.

Gari la mchungaji lilimpeleka hospitali. Jioni Philbert alikuja kusema ameshonwa, yuko hai. Hakuingia ndani.

Jumatatu, 12 Desemba

Mama Tupokigwe, jirani, kaja kutupa pole. Pole ya nini! Eti huko Msumbiji mtoto wenu wamemrudisha kama mwanaume. Mama akamjibu: ningeletewa maiti ndiyo ingekuwa heshima? Lakini baadaye nilimkuta jikoni anafuta macho.

Philbert alikaa na dada kwenye benchi la nje. Nilikuwa nachambua maharage karibu (pole pole sana). Mimi sijali, alisema Philbert. Ila baba yangu ananiuliza, huyu ni mkwe au ni nani?

"Na wewe ukamjibuje?"

Akachora chini kwa kijiti. Nilitamani aseme kitu. Chochote!

Jumamosi, 17 Desemba

Naandika jikoni, maji ya chai ya pili hayajachemka. Mzee Jailos yuko sebuleni kwetu! Amekuja na fimbo, Philbert amemshika mkono. Dada yuko hapa jikoni nami, nyuma ya mlango. Mama amemfunika kanga mpya.

Nimepeleka chai, nikasikia. Mzee hataki maneno mengi. Lile lilikuwa jambo la ajali. Msichana akikaa hivyo alivyokaa, amejificha na ametulia, basi limekwisha, halitasemwa tena, na arusi ni Januari ile ile. Philbert akacheka kwa furaha. Mimi karibu niangushe sinia!

Halafu nikainama kuweka kikombe. Harufu. Bendeji imelowa manjano, mguu umevimba unang'aa mpaka kwenye vidole. Mzee anatetemeka, anasema ni baridi tu ya Mbeya, hospitali atakwenda Jumatatu. Hakuna aliyebisha.

Nikarudi. Nilijua nikinyamaza, dada atabaki. Nikaanza kupanga vijiko.

"Mguu wake ukoje?" akaninong'oneza.

Nikamwambia. Harufu, rangi, kutetemeka, vidole. Yote.

Ameivua kanga ya Mama, ameikunja taratibu, pembe kwa pembe, ameiweka juu ya kigoda kama kitu cha kurudishwa. Ameniomba sabuni. Sasa ananawa mikono, mpaka kwenye viwiko. Mama amesimama katikati ya mlango, hajasogea.

Maji yamechemka. Dada ameniambia nibebe beseni nitangulie —