Kompyuta Iliyokataa Kuamka

Ruiri,
Buuri, Meru.

Kwako dada yangu Kiende,

Pokea salamu za nyumbani. Zina baridi kidogo, maana naziandika asubuhi na mlima bado haujavua blanketi. Natumaini joto la huko Doha halijakumaliza, na kwamba yule bibi unayemfanyia kazi amepunguza kelele. Sisi huku tu wazima. Goti la mama linamsumbua, lakini ni siku zile tu zenye kazi asiyoipenda. Ng'ombe ni wazima. Mgonjwa alikuwa kompyuta, na habari zake ndizo zimenikalisha hapa.

Utauliza kwa nini barua na simu iko. Dada, kwenye simu wewe huongea na mimi huitikia. Leo nimeamua zamu iwe yangu. Shamima, dadake Kasim wa Meru mjini, anasafiri kuja huko kwenu, na amekubali kuibeba pamoja na mzigo wa njahi, yale maharagwe meusi ya kwetu, ambao mama amekufungia.

Unakumbuka tulivyopatana. Wewe uliniwekea nafasi ya kulea watoto kwa rafiki wa huyo bibi yako. Mimi nikakuomba kwanza nijaribu kuunda kompyuta yangu mwenyewe, nianze kazi ya kutengeneza kadi za harusi na vijitabu vya mazishi katika chumba chako cha zamani, kwa kuwa watu wa Buuri hawajaacha kuoana wala kufa. Tukasema ikiwaka kabla Shamima hajaondoka, nabaki. Isipowaka, nimpe makaratasi yangu akuletee, uanze kunishughulikia viza.

Vipande nilinunua kwa Kasim. Unajua kwao ni wachinjaji tangu babu yao, na yeye huuza kompyuta vilevile: ametundika vipande ukutani na anakuuliza unataka cha mguu au cha mbavu. Nikaviunganisha kwenye meza yako ya kusomea nikifuata video kwenye simu, nikingoja kila mara mtandao ulipotoka kwenda malishoni. Kasim alikuwa amenionya nisifunge kifuniko cha ubavuni kabla haijawaka, kwamba mgonjwa hashonwi daktari akiwa bado ndani. Basi nikaiacha tumbo wazi, nikapeleka maziwa kwenye deri, na njia nzima nilitembea kama mtu aliyemaliza kuezeka nyumba.

Niliporudi nikabonyeza swichi. Feni zikazunguka. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Skrini ikabaki nyeusi tii, na ndani ya kasha kitu kikaanza kulia, pii, pii, pii, kama ndege aliyefungiwa. Kikanyamaza, kikaanza tena.

Nikampigia Kasim. Akasema hicho ni kilio cha memori, kwamba kijiti chake hakijakaa vizuri. Nikichomoe, nikirudishe, nisukume mpaka kilie tak, na niseme bismillahi. Nikamwambia sisi ni Wamethodisti. Akasema basi niseme ya Kimethodisti, memori haina dini. Nikachomoa, nikarudisha, nikaomba. Ndege akalia. Nikakihamishia kwenye mfereji wa pili wa kukichomekea, ndege ni yuleyule. Mwishowe nikampelekea kijiti mjini. Akakifuta kwenye shati lake, akakitia kwenye mashine yake, ikawaka palepale mbele ya wateja. Akanirudishia akisema kijiti ni kizima kama ng'ombe wa maonyesho, labda tuangalie mikono ya aliyekifunga.

Tangu hapo, dada, siku zangu zikawa kama za mtu anayetembea usingizini. Nilikamua, nilipika, nilikata majani ya ng'ombe, lakini miguu ilikuwa inanirudisha chumbani yenyewe. Niliketi mbele ya ile skrini nyeusi nikisikiliza feni zikivuma kama mizinga ya nyuki ya babu. Ukiizoea, skrini isiyowaka si tupu. Mle ndani niliuona mlima mdogo wa dirishani, ukungu ukiupanda na kuushuka, na uso wangu ukielea katikati kama uso wa mtu aliyeinama juu ya kisima. Na mara nyingi nyuma ya bega langu alikuwa mama, amesimama mlangoni, midomo ikichezacheza. Nikigeuka, ameshaondoka.

Nilijua anaomba nikate tamaa. Huko nje alikuwa ameshatangaza kwa akina mama wa kanisa kwamba Gatwiri naye anaenda ng'ambo, mpaka Tabby wa dukani akaanza kuniagiza manukato. Mashine yangu aliiita jeneza la redio. Kila jioni aliniambia, mwarî wakwa, binti yangu, chuma hicho kimekukataa, nenda kwa dada yako. Nikatia makaratasi kwenye bahasha. Nilihesabu kuwa mama mwenyewe amenichoka.

Jana mchana ukungu ulishuka mpaka kwenye paa. Niliingia chumbani nichomoe waya, nirudishe kila kitu kwenye maboksi. Hapo ndipo nikawaona sisimizi. Walitoka dirishani kwa mstari mmoja, wakapanda mguu wa meza, wakaingia kwenye tumbo la kompyuta na kuzunguka ile mifereji ya memori polepole, kwa adabu, kama watu waliokuja kutazama mwili. Sisimizi hawasafiri bure. Nikapitisha kidole kwenye mfereji, kikanata. Wewe unanijua, nilichojifunza chote nimejifunza kwa kuonja. Nikaonja.

Asali. Na nyuma ya asali, maziwa yaliyochacha.

Kiende, unamkumbuka nyanya na ndama? Ndama akizaliwa, nyanya alitia kinywani mwake asali na maziwa, akampulizia kwenye paji la uso ili alipende boma na asipotee. Na unamkumbuka mama alivyomgombeza, kwamba hayo ni mambo ya giza na sisi tumeokoka?

Nilimkuta jikoni akichambua maharagwe. Sikumuuliza kitu. Nilisema tu kwamba sisimizi wameingia chumbani. Akachambua, akachambua, kisha akaanza kuyaeleza maharagwe, si mimi. Alisema siku ile nilipoenda deri alichungulia, akakiona kile kitu kimelala na tumbo wazi kama ndama ambaye hajakauka, na hakuna mtu aliyekikaribisha. Alisema midomo ilikumbuka kabla kichwa hakijakataza. Alikiomba kinishike hapa. Kilipokataa kuamka, akajua Mungu amekasirika, ndiyo maana akaanza kunifukuza niende, iwe toba yake. Alisema binti mmoja alimtoa kwa moyo, lakini wa pili alikuwa anamtoa kwa meno. Halafu akaniomba akina mama wa kanisa wasijue. Hawatajua. Nimekuambia wewe tu.

Tuliifanya kazi pamoja. Mimi nilikuwa na mswaki wa zamani, spiriti ya vidonda na kifutio cha penseli; yeye alishika tochi na kuwaomba msamaha sisimizi. Ilipokauka nikarudisha kijiti, mama akarudi mlangoni, nami nikabonyeza swichi. Ndege hakulia. Skrini ikajaa mwanga wa buluu, na mlima wa mle ndani ukafutika, na uso wangu, na mama mlangoni. Ilibidi nigeuke ndipo nimwone. Safari hii hakuwa ameondoka.

Kwa hiyo, dada yangu, bahasha imebaki kwenye droo. Sikuji. Ile nafasi mpe mwingine, na usinikasirikie zaidi ya inavyostahili. Kifuniko cha ubavuni nimekifunga kwa skrubu zote, maana mama ameniuliza kama sasa inafaa kushukuru.

Kasim anakusalimu. Tabby anakusalimu na manukato sasa anakuagiza wewe. Mama anakusalimu kuliko wote. Njahi amezifunga mwenyewe, mlango umefungwa, na alipotoka alikuwa akifuta midomo kwa leso. Ukifungua uone zinanatanata vidoleni, usikimbilie kuziosha.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Gatwiri.