Uyoga Uliokula Sumu

Kijiji cha Kagerankanda,
Kasulu, Kigoma.
9 Desemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Fidele,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo huko Morogoro? Kifua kimepona, au bado unakohoa kila mvua ikianza kama marehemu baba? Sisi huku miili ni mizima. Mama anatembea vizuri, mguu haumsumbui tena. Ila moyoni siwezi kukudanganya: nina hofu, na nimeona afadhali niandike, maana humu ndani simu ya mmoja husikilizwa na wote.

Unakumbuka nilikwambia maharage yaligoma mwaka jana. Majani yalitoka yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga, yakafa bila kufunguka. Chanzo ni zile nyasi nilizotandaza shambani. Wenye lile shamba kubwa la ng'ombe walizifyeka wakatugawia bure, nami nikashangilia kama mtu aliyeokota ndama. Kumbe walikuwa wamepuliza dawa ya kuua magugu, ile inayokaa kwenye nyasi na udongo miaka. Rahisi ni ghali, na cha bure ndicho ghali zaidi.

Ndipo akaja mtafiti mmoja, kijana anaitwa Nestori, na mifuko ya magunzi ya mahindi yaliyojaa nyuzi nyeupe za uyoga wa mamama, ule mweupe unaoliwa. Alitueleza kwamba nyuzi hizo hutoa vimeng'enya, vile vinavyolainisha gogo mpaka likaoza, na kwamba vinaweza kuikatakata dawa ile vipande vipande ikaishiwa nguvu. Tukayafukia magunzi kwenye kipande cha chini, karibu na kaburi la baba, akazungushia kamba. Akasema tusile mazao ya humo mpaka udongo upimwe. Mama alikuwepo, akakubali, na hata ndizi za mgomba wa pembeni hakuzigusa.

Lakini wewe unamjua mama yetu. Kwake uyoga si zao. Hakuna aliyeupanda, hauna mwenyewe, unakuja na mvua, na kamba shambani ni ya kuzuia mbuzi. Wiki iliyopita nilikwenda Manyovu na mzigo wangu wa dagaa. Niliporudi nikaambiwa mama amechuma ungo mzima ndani ya ile kamba, mweupe, mnene. Na uyoga wa kwanza wa mvua, kwetu, aliyeuchuma haonji kabla hajampelekea mwenye mimba. Ungo ulikwenda kwa Nadine.

Mwanangu Nadine, Fidele. Mimba ya kwanza unajua ilivyoishia, na hii ndiyo kwanza imevuka pale. Aliupika kwa mawese, akala jioni mbili, akaramba na vidole.

Nilimfuata Nestori mjini Kasulu. Hakunificha. Alisema uyoga wenyewe unaweza kuwa safi, na unaweza kuwa umefyonza dawa kabla nyuzi hazijamaliza kazi. Vile vipande vya dawa vinavyobaki, hajui bado ni vitu gani. Mkunga wa zahanati alisikiliza tumbo akasema moyo wa mtoto unapiga vizuri. Kuhusu dawa ile hana kipimo. Tangu hapo nina swali moja tu, napika nalo, nalima nalo: uyoga ukila sumu, unaipeleka wapi?

Sijamwambia Nadine, wala mama. Mama akijua, sidhani kama atanyanyuka tena kitandani. Kila asubuhi nakwenda kwa Nadine na kisingizio kipya, leo chumvi, kesho kurudisha ungo, nimuulize kama mtoto amecheza. Juzi akanicheka. "Mama, hata mkunga haniulizi hivyo." Nikacheka naye. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi naogopa yasije yakakaa mahali pa mjukuu.

Wewe uko kwenye maabara ya udongo, waombe wakubwa wako wanisaidie kupima. Jibu lolote litakalotoka, nipe mimi kwanza, na usinipunguzie.

Msalimie mkeo Prudence, na Cadet mwambie shangazi yake anamkumbuka. Mama Louise, jirani yetu, anakusalimu. Nadine anasema mjomba aanze kutafuta shuka la mtoto. Mama anakuombea kila jioni, anaanza na jina lako. Mungu akufunike, amfunike na huyu ambaye hatujamwona.

Barua hii anaileta Nurudini, yule kondakta wa basi, pamoja na mzigo. Ndani utakuta chupa niliyojaza udongo wa shambani, na kifurushi cha jani la mgomba. Hicho amekifunga mama kwa mikono yake. Ni uyoga wa ungo ule ule; alikutolea fungu lako akalikausha, kwa kuwa uliupenda sana ukiwa mdogo. Tafadhali usiule, ndio wa kupima. Akikupigia kukuuliza, mwambie ulikuwa mtamu.

Ni mimi dada yako, akupendaye na kukungoja,

Esteri